Wiki Hii Umeuliza Nini?

Mayala alikuwa anachochea moto chini ya sufuria ya maji ya chumvi, kama kila asubuhi hapa Ivuna. Pikipiki ikasimama. Binti yake Shani akashuka na begi lake kubwa.

Shani alikuwa na miezi miwili tu chuoni Mbeya, akisomea uhandisi wa kompyuta. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kufika huko.

"Mmefunga chuo?"

"Hapana, baba. Nimeacha masomo. Nimefeli majaribio mawili. Wenzangu wamezoea kompyuta tangu wadogo. Mimi hata kuiwasha nimejifunza juzi."

"Na walimu wanasemaje?"

"Sijawauliza kitu."

Mayala akasukuma kuni motoni. Hasira yake ikamgeukia mwenyewe. Nani alimfundisha mtoto huyu kwamba mkubwa akisema, mdogo anainamisha macho na kuitikia tu? Ni yeye. Nyumbani kwake, mtoto wa kuulizauliza alionekana hana adabu. Na Shani alikuwa na adabu kwelikweli.

Mchana Jenista, fundi wa mnara wa simu, alipita kununua chumvi. Alizaliwa Ileje, kwa wakulima. Mayala akamweleza yote mbele ya Shani, aibu ikimchoma.

"Mzee, hata mimi nilitaka kuacha," Jenista alisema. "Kwetu nilikuwa wa kwanza kufika chuo. Nilidhani wenzangu wana akili kunizidi, kumbe walinitangulia tu. Shani, mfuate mwalimu ofisini, umwambie ulipokwama. Chuoni hiyo ndiyo adabu. Tafuta wenzako wawili watatu, msome pamoja. Maabara ya kompyuta ikiwa wazi, kafanye mazoezi. Mshauri wa wanafunzi naye yupo kwa ajili yako. Kufeli jaribio si kufeli mwaka. Lakini ukikaa kimya, mwaka utakushinda."

Shani alimtazama baba yake, akisubiri.

"Mzee, ulipohamia hapa toka Usukumani," Jenista aliuliza, "chumvi ulijua kuipika?"

"Wapi! Mimi nilikuwa mtu wa ng'ombe. Nilimuuliza jirani yetu Osea mpaka akawa ananikimbia." Mayala alicheka kidogo, kisha machozi yakamlengalenga. "Mwanangu, hilo sikukwambia. Nimekufundisha kunyamaza, na mimi nimeishi kwa kuuliza. Rudi ukaulize. Hutakuwa umenivunjia heshima."

Kesho yake Shani akarudi chuoni.

Mwanzoni Mayala akipiga simu alisema, "Usituaibishe." Sasa kila Jumapili aliuliza, "Wiki hii umeuliza nini?"

Haikuwa rahisi. Somo moja Shani alilirudia. Lakini mwaka ulipokwisha, alikuwa amefaulu yote. Jumapili iliyofuata alimweleza baba yake kwenye simu jinsi alivyotengeneza programu yake ya kwanza. Mayala alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno ambalo alikuwa hajawahi kumwambia mtoto maishani mwake.

"Hapo katikati sijaelewa, mwanangu. Nieleze tena."

Shani akaanza upya, taratibu.