Hema Lisilosimamishwa

Kila siku akitoka shule, binti wa kiongozi wa wapanda mlima alivua sare, akala chakula kilichofunikwa mezani, kisha akaingia stoo. Humo hapakuwa na wa kumsalimia. Palikuwa na majiko ya gesi, masufuria makubwa, mifuko ya kulalia iliyoning'inizwa isishike unyevu, na mizani ambayo kwayo kila mzigo wa mpagazi ulipimwa kabla ya kufungwa. Wapagazi walimwita Bibi Stoo, maana mtu akikosa tochi au kamba, ni yeye wa kuulizwa. Jina hilo lilimkaa kuliko hata lile alilopewa na wazazi.

Mama yake alifariki yeye angali mdogo. Aliyemlea ni dada yake, na dada naye alikuwa ameondoka mwezi uliopita kwenda chuo cha uuguzi, mji wa mbali. Shangazi alikuja jioni kulala tu, tena akiwa hoi, macho yakifumba kabla sahani haijaisha. Baba ndiyo kabisa. Wiki nzima ofisi ya vibali ilikuwa ikimzungusha: leo picha za wageni hazitoshi, kesho vyeti vya daktari havina muhuri, keshokutwa karani hayupo. Nyumba ilikuwa kimya hivi kwamba Bibi Stoo aliwasha redio ili asikie tu sauti ya mtu.

"Kibali kikitoka, tunaondoka palepale," baba alimwambia asubuhi moja huku akifunga kamba za viatu. "Siku ya kuingia imeshapangwa. Lango la mlima likifungwa jioni hiyo kabla hatujafika, kibali kimekufa, na wageni wamejiandaa mwaka mzima. Mizigo iwe tayari, mwanangu. Mahema je?"

"Nitayasimamisha yote, baba."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya stoo: hema lisilosimamishwa uani halipandi mlimani. Kila hema lilitolewa mfukoni, likasimamishwa, likakaguliwa zipu na mishono, likakunjwa tena. Baada ya hapo ndipo mfuko wake ulifungwa kitambaa chekundu. Mpagazi akiona kitambaa hafungui, anabeba tu. Baba alizoea kusema kwamba kule kambi ya juu upepo hauna huruma, wala hakuna jirani wa kumpigia hodi.

Sasa, kusimamisha hema ni kazi ya watu wawili. Mmoja anapinda ufito upande huu, mwingine anaushika upande ule. Miaka yote huyo mwingine alikuwa dada. Safari hii Bibi Stoo alifunga upande wa pili kwenye nguzo ya kamba ya nguo.

"Shika vizuri, dada," aliiambia nguzo.

Nguzo haikujibu, na hema likamwangukia kichwani. Akaanza upya. Mahema manne aliyasimamisha hivyo, mikono ikichubuka. Hilo la nne lilipomwangukia kwa mara ya tatu, alikaa humo humo ndani ya turubai akalia. Hakulia kwa maumivu. Alilia kwa sababu alikuwa ameangukiwa na hema kama kuku aliyefunikwa tenga, na hapakuwa na mtu wa kumcheka. Alilimaliza, lakini moyo ulikuwa umeshakata tamaa. Mawili yaliyobaki hata hakuyatoa mfukoni. Aliyafunga vitambaa vyekundu, akayalaza pamoja na mengine.

"Umemaliza?" baba aliuliza jioni.

"Yote, baba."

"Ahsante. Sijui bila wewe ningefanya nini."

Maneno hayo yalimchoma Bibi Stoo, akajifanya ana usingizi.

Jumamosi, siku yenyewe ya kuingia, karani alipiga simu. Kibali kilikuwa tayari. Baba, mpishi wa msafara na wapagazi walipakia lori haraka, wakaelekea ofisi ya vibali, mtaa wa pili, na kutoka hapo wangekwenda moja kwa moja mlimani, wageni wakiwasubiri langoni. Bibi Stoo alibaki na ufagio. Alipovuta mlango wa stoo afagie nyuma yake, aliuona mfuko mrefu umeegemea ukuta. Zilikuwa fito za hema. Aliziosha yeye mwenyewe matope baada ya msafara uliopita, akaziweka pale zikauke, akazisahau.

Hema moja kati ya yale mawili lilikuwa lorini bila fito. Hakuna aliyemwona. Angeweza kuusukuma ule mfuko nyuma ya mitungi ya gesi, na huko juu wangedhani fito zimeanguka njiani. Lakini alimwona baba yake akilini, usiku, amesimama kwenye upepo na hema lisilo na fito, kama mtu aliyeshika shuka. Akaubeba mfuko begani, akatoka mbio.

Lori lilikuwa linanguruma nje ya ofisi. Baba alikuwa anashuka ngazi na kibali mkononi, akitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Baba, fito hizi," Bibi Stoo alisema akihema. "Zilibaki nyuma ya mlango."

Tabasamu likamtoka baba. Mpishi alipanda juu ya lori, akainua mifuko ya mahema mmoja mmoja, akavuta uliokuwa mwepesi. "Ni huu hapa," alisema. Wapagazi wakapiga makofi. Mmoja wao akasema, "Bibi Stoo huyo, mwenye stoo yake. Ametuokoa."

"Umefanya vizuri kukimbia," baba alisema na kumshika kichwa. "Haya twendeni, lango halitusubiri."

Angeweza kurudi nyumbani hivyo, akiwa shujaa. Dereva alikuwa ameshatia gia.

"Baba, ngoja." Akashika mlango wa lori. "Yalikuwa mawili. Mahema mawili sikuyasimamisha. Nilifunga vitambaa tu. Na hilo la pili silijui ni lipi."

Makofi ya sasa hivi yakawa kama hayakuwahi kupigwa. Dereva alitazama jua. Mpagazi mmoja akaguna, "Kumbe tumebeba vitambaa." Baba akasema, "Shusheni yote."

Waliyasimamisha pale pale uwanjani pa ofisi. Baba alishika upande mmoja wa ufito, upande wa pili akampa binti yake. Hema la tano liliposimama, mpishi alipenyeza ngumi nzima kwenye ubavu wake. Panya walikuwa wamelitafuna karibu na sakafu.

"Panya hawa wangetulaza na theluji," mpishi alisema polepole, akatafuta sindano na kiraka.

Alipokuwa anashona, baba aliketi juu ya mzigo kando ya binti yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na mambo mengi. Na mimi nilikuwa peke yangu, baba. Nguzo ya nguo haishiki."

Baba hakuelewa ni nguzo gani. Alipoelezwa, aliinamisha kichwa.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema. "Nilikuachia kazi ya wawili, nikakuita hodari. Hilo kosa ni langu, na msafara ujao hema halitoki mfukoni mpaka nimeshika upande wa pili. Lakini nisikilize. Kazi ikikushinda, sema imenishinda. Si aibu. Kitambaa hiki ni neno lako, na mtu analala mlimani akiliamini. Ulipoleta fito ulipigiwa makofi. La pili umelisema ukijua makofi yatakwisha, na hilo ndilo lililoziba tundu."

Alimpa kitambaa, Bibi Stoo akakifunga mwenyewe kwenye mfuko. Lori likaondoka, naye akarudi nyumbani kwa miguu.

Jioni simu ya shangazi ililia. "Tumeingia," baba alisema. "Mlinzi alikuwa ameshashika komeo la lango. Kwenye lile hema lenye kiraka nitalala mimi."

Shangazi aliposinzia, Bibi Stoo alimpigia dada yake chuoni, akamsimulia yote, hata ile nguzo aliyoiita dada. Dada alicheka mpaka akapaliwa, na Bibi Stoo naye akacheka. Kisha alitazama ile nyumba, stoo iliyobaki tupu na sahani mbili mezani.

"Dada," alisema, "usikate kwanza."