Wino Mwekundu wa Meinir

"Pole mama. Pole sana. Chukua muda wako, hapa hakuna anayetufukuza."

Meinir akaganda nje ya mlango wa ofisi, boksi la beji za rangi ya chungwa mikononi. Sauti ilikuwa ya Eurig, mchumba wake, karani wa vizazi na vifo. Hilo halikuwa ajabu. Ajabu ni kwamba Eurig alikuwa anaongea Kiwelisi, lugha ya wenyeji wa Wales.

Eurig huyuhuyu ambaye kwa miaka miwili alikuwa akimwambia hajui Kiwelisi zaidi ya salamu! Walikutana kwa Kiingereza, wakapendana kwa Kiingereza, hata pete alimvisha kwa Kiingereza. Leo Kiwelisi kinamtoka kama maji ya bomba, tena kile cha milimani, cha majikoni na machimboni.

"Sasa mama, kwenye kazi ya marehemu tuandike nini?"

"Alichimba mawe ya kuezekea, mwanangu. Miaka arobaini na moja." Bibi Luned Pritchard akapenga kamasi. "Nilijaribu kukwambia kwa Kiingereza, maneno yakanikwama hapa kooni. Mume wangu Goronwy na Kiingereza wapi na wapi?"

"Najua. Babu yangu alikuwa hivyohivyo."

Meinir akarudi nyuma taratibu. Yeye ndiye aliyesimamia kitengo cha lugha pale halmashauri. Miezi minane alikuwa akihangaika apate karani mmoja tu wa kukaa kwenye chumba kile na kuwahudumia watu kwa Kiwelisi, avae ile beji ya chungwa ya kuonyesha kwamba anakizungumza. Wakubwa walishasema, asipopatikana mpaka mwisho wa mwezi huduma hiyo inafutwa, anayetaka Kiwelisi apige simu makao makuu. Jioni ngapi alilia begani kwa Eurig kwa sababu hiyo! Naye Eurig alimbembeleza, akamchemshia chai, akanyamaza.

Mchana alimkuta kwenye jiko la ofisi, anakata mkate wa zabibu.

"Nimekusikia na Bibi Luned."

Kisu kikasimama.

"Meinir..."

"Miaka miwili, Eurig! Kila Jumapili mama yangu anajikunja ulimi kukuongelesha Kiingereza, kumbe umekaa pale unaelewa kila kitu? Hata siku ile alipomwambia shangazi una masikio makubwa?"

"Hata siku hiyo."

Siku nyingine angecheka. Leo machozi yalimtangulia.

"Ulijua ninamtafuta nani, na mtu mwenyewe ni wewe. Kwa nini?"

"Sikutaka kukuumiza."

"Na sasa hujaniumiza? Zimebaki wiki tano tufunge ndoa, na mwanaume ninayeolewa naye simjui!"

Akavua pete, akaiweka kando ya mkate, akatoka mbio kabla moyo haujamgeuka.

Nyumbani alizima simu, akaiwasha, akaizima tena. Alipoiwasha mara ya pili alikuta ujumbe wa Eurig.

"Sikutaka uione hii maisha yako yote. Lakini umeuliza kwa nini, na nimechoka kuficha. Angalia mwandiko."

Chini yake kulikuwa na picha ya tangazo la mapipa ya taka la miaka sita nyuma, wakati Eurig ndiyo kwanza ameajiriwa idara ya usafi. Lilikuwa limeandikwa kwa Kiwelisi cha nyumbani, kama mtu anavyomwelekeza jirani yake. Kila mstari ulikuwa umechafuliwa kwa wino mwekundu. Mwishoni, kwa wino huohuo, paliandikwa: "Tafadhali mpeni kazi hii mtu anayejua lugha."

Mwandiko ulikuwa wake yeye Meinir.

Enzi zile alikuwa ametoka chuo kikuu na kuingia kitengo cha lugha, kichwa kimemvimba, anasahihisha karatasi hamsini kwa siku bila kujali nani kaziandika. Akapiga simu.

"Eurig, sikujua ni wewe."

"Najua hukujua."

"Ulilipataje?"

"Bosi wangu alilibandika kwenye jiko la idara yetu. Likakaa wiki mbili. Watu wanasubiri maji yachemke huku wananisoma na kucheka. Nikaapa Kiwelisi changu nitaongea na babu tu. Babu mwenyewe akafa mwaka uleule."

"Na ulijua lini kwamba ni mimi?"

"Ulipoacha kile kikaratasi mezani kwangu, cha kunikaribisha kwako kula. Niliutambua mwandiko palepale."

"Na bado ukaja?"

"Nilishakupenda, Meinir. Ningefanyaje?"

Meinir akakaa sakafuni, simu sikioni, aibu imemjaa mpaka masikio yanawaka. Karani aliyemtafuta miezi minane, yeye mwenyewe ndiye aliyemnyamazisha kwa mkono wake.

"Nisamehe."

"Nilikusamehe zamani. Ila nikijaribu kuongea Kiwelisi mbele yako, naiona ile kalamu. Na leo nisingethubutu, ni vile yule mama alikuwa anaomboleza, nikajisahau."

Asubuhi Meinir alichukua namba kama wananchi wengine, akapanga foleni nyuma ya baba aliyekuja kuandikisha mapacha. Yule baba alipotoka, akaingia. Akaweka mezani bahasha na kalamu nyekundu.

"Nini hii?" Eurig akauliza kwa Kiingereza.

"Barua ya mapenzi. Nimeiandika kwa Kiwelisi cha bibi yangu, sijairudia hata mara moja. Isahihishe utakavyo, halafu kaibandike jikoni wiki mbili."

Eurig alisoma polepole, karatasi ya kwanza, kisha ya pili. Alipofika mwisho alifuta macho kwa mkono wa shati. Akafungua kalamu. Meinir akashika ukingo wa meza, anasubiri mistari ianze kuchafuka.

Hakugusa hata neno. Aliandika chini kabisa, kwa Kiwelisi, akamsukumia.

"Hakuna kosa. Mwandishi aje achukue pete yake, na aje na beji moja ya chungwa."

"Eurig, usinifanyie utani..."

"Mkono," akasema kwa Kiwelisi, uso umemwiva. "Nipe mkono wako, *cariad*."

Miaka miwili alimwita kila jina tamu la Kiingereza, lakini hilo la Kiwelisi, la kumwita mtu mpenzi, hakuwahi. Ndilo babu yake Eurig alilomwitia mkewe mpaka siku ya mwisho. Meinir akalia kama mtoto, na pete ikaingia kidoleni.

Jumapili mama yake Meinir akapakua chakula, akamgeukia Eurig na kile Kiingereza chake cha kuvunjikavunjika.

"Wewe... taka... viazi?"

"Nataka, mama," Eurig akamjibu kwa Kiwelisi. "Niwekee vingi. Sisi wenye masikio makubwa tunakula sana."

Kijiko kikamponyoka mama. Akaziba uso kwa aproni, mabega yanaruka. Meinir alidhani anacheka, mpaka mama alipoinuka macho yamelowa, akazunguka meza, akamshika Eurig mashavu kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akasema, "ulikuwa wapi siku zote hizi?"