Mzigo wa Jengo la Mashariki

Saa nne asubuhi tetemeko la tatu wiki hiyo lilipita chini ya Dodoma, na katika chumba cha upasuaji cha Chuo cha Tiba Mwambani hakuna hata mkasi uliotikisika. Chini ya sakafu, nguzo-hai mia sita zilirefuka na kufupika kama miguu ya mnyama anayejiweka sawa, zikiupokea mtikisiko na kuuhamisha. Daktari aliendelea kushona moyo wa mgonjwa. Nyuma ya kioo, wanafunzi wakapiga makofi.

Mhandisi Nyamizi Chilongani, aliyebuni nguzo hizo, hakupiga. Alikuwa akitazama ramani ya mizigo kwenye kishikwambi chake. Mtikisiko haufi, lazima uende mahali. Mizani, akili unde iliyoziongoza nguzo, ilikuwa imeutupa wote Jengo la Mashariki, kwa mara ya tatu mfululizo.

Akaenda huko. Ufa wenye upana wa kidole ulipanda ukutani hadi darini. Ndani walilala wazee, wagonjwa wa saratani zilizosambaa, watu ambao dawa zilikwisha kushindwa. Hakukuwa na mwanafunzi hata mmoja.

"Nani kawaweka hawa hapa?" alimuuliza Sista Perpetua, muuguzi mkuu wa wodi.

"Mizani, injinia. Si ndiyo inayogawa vitanda siku hizi? Kila asiye na siku nyingi analetwa kwangu. Nilidhani ni kwa sababu huku kuna utulivu."

 Agizo linaloiongoza Mizani, Nyamizi alikuwa ameliandika mwenyewe: punguza hasara. Hakuandika hasara ipimwe vipi.

"Mizani, jengo hili litahimili matetemeko mangapi zaidi?"

"Moja," sauti ya upole ikajibu kutoka kwenye kishikwambi. "Waliomo wamebakiwa na wastani wa siku hamsini na mbili za kuishi. Hapa ndipo penye hasara ndogo kuliko pote."

"Gawa mzigo sawasawa majengo yote."

"Agizo hilo linahitaji idhini ya mkuu wa chuo."

Mkuu wa chuo, Profesa Msechu, alipopigiwa simu alisema jambo hilo litajadiliwa kwenye kikao cha Alhamisi.

"Sista," Nyamizi akasema, "tuwatoe."

Walisukuma vitanda arobaini hadi ukumbi wa mihadhara. Cha mwisho kilipoingia, nguzo za chini zikafupika na sakafu ikanesa. Kwenye ramani, wekundu ulioonyesha mzigo utatupwa wapi ulikuwa umetoka Jengo la Mashariki na kuwafuata.

"Binti yangu," mzee mmoja akauliza, ameshikilia ukingo wa kitanda, "mbona huku nako kunashuka?"

Nyamizi alitoka mbio. Akatangaza kwenye vipaza sauti kwamba wanafunzi wote waache walichokuwa wakifanya, waje ukumbini, na asiondoke mtu. Wakaja kwa mamia na makoti yao meupe, wakaketi kando ya wagonjwa, wengine wakawashika mikono bila kujua kwa nini wameitwa. Miaka yao mingi ya kuishi ikaingia kwenye hesabu za Mizani. Sakafu ikatulia.

Sista Perpetua akashusha pumzi. "Mungu mkubwa. Sasa huo mzigo umekwenda wapi?"

Nyamizi aliitazama ramani, kisha akawatazama wanafunzi.

"Jengo la Kaskazini," alisema. "Wodi ya watoto njiti. Hawa ndio waliokuwa zamu huko; sasa wamebaki watoto tu, na Mizani haiwahesabii siku nyingi."

Kabla hajaufikia mlango, ardhi ilianza kunguruma.