Simu ya Mitchell Yapiga Hodi

Mimi Okemwa ni fundi wa waifai hapa Kisii, na hadithi za mizimu nilikuwa nazicheka. Wallahi, nilizicheka sana.

Jumamosi moja mchana, jirani yangu Pam, tunayemwita Mama Mitchell, aliniita ndizi zikiwa bado zinachemka jikoni. "Fundi, huyu mtoto hasomi, na mtihani huo unakuja. Mfungie waifai." Nikaingia kwenye mipangilio ya kile kisanduku cha waifai, nikatafuta simu yenye jina la Mitchell, nikaitia kwenye orodha ya waliozuiwa. Ilikuwa kazi ya dakika mbili.

Mitchell alinuna. Akabeba simu yake, akaondoka kwenda kwa rafiki yake Nyakoe kutafuta mtandao. Mama yake akamfuata mlangoni, kama kawaida yake: "Ukifika, uniandikie nimefika."

Hakufika. Lori lilimgonga njiani. Tulimzika kwao Homa Bay, na mama mwenyewe akamlaza na ile simu kifuani, kioo kimepasuka. Niliiona kwa macho yangu.

Miezi miwili baadaye Mama Mitchell aliniita tena. Mtandao ulikuwa unakatikakatika. Nikafungua kumbukumbu za kisanduku, nikakuta mstari mmoja umejirudia kila siku, saa tisa na dakika kumi alasiri: Mitchell ameomba kuingia. Amekataliwa. Ameomba. Amekataliwa.

Nikaacha kubofya.

"Kuna nini, fundi?"

Nilitaka kudanganya, nikaishia kumgeuzia skrini. Akasoma mwenyewe. Hakupiga mayowe. Alinishika mkono, akanong'ona, "Hiyo ndiyo saa aliyogongwa. Okemwa, mtoto wangu anapiga hodi siku zote hizi. Mfungulie."

Roho iliniuma. Nikalitoa jina kwenye orodha. Ilikuwa saa tisa na dakika nane.

Tukangoja.

Dakika ya kumi, Mitchell akaingia. Mawimbi ya simu yake yalionyesha yamejaa, maana yake iko karibu kabisa. Simu ilikuwa humo humo sebuleni, na hatukuona simu.

Kisha jina la mtandao likabadilika mbele ya macho yetu. Lilikuwa Nyumba ya Pam. Sasa liliandikwa: NIMEFIKA MAMA.

Mama Mitchell alicheka huku analia. "Karibu, mwanangu. Karibu nyumbani." Akavuta kiti kando yake.

Kiti kililia, kama kimekaliwa.

Niliogopa, jamani. Nilichukua pini, nikaisukuma kwenye kitundu cha kufuta mipangilio, nyuma ya kisanduku, mpaka taa zote zikazimika. Kila kitu kilifutika: jina, nywila, orodha.

Mama Mitchell alikipapasa kile kiti. "Umemfungia tena," akasema. "Ile ya kwanza nilikutuma mimi. Hii ni yako."

Taa ziliporudi, nilijaribu kuunganisha simu yangu. Ikakataliwa. Nikaomba simu ya Mama Mitchell, nikafungua orodha ya waliozuiwa, ambayo ilipaswa kuwa tupu.

Ilikuwa na jina moja: Okemwa.