Viatu vya Papa Mlangoni

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, na wala sikusaidiwa na mtu.

Ulikuwa mwaka 1965. Maasi yalikuwa yamepita, shule yetu ya mtaa wa Tshopo imefunguliwa tena, na darasa zima lilibaki na kitabu kimoja: riwaya ya zamani ya Kifaransa isiyo na jalada. Monsieur Hubert, mwalimu wetu, alitusomea, kisha akatueleza kwa Kiswahili. Humo mna mama mmoja, mwanawe amekwenda vitani. Kila jioni anamwekea sahani mezani. Kila asubuhi anaiosha, ingawa hakuna aliyeitumia.

"Alfani, sahani hiyo inasema nini?"

"Haisemi kitu, Monsieur. Sahani ni sahani tu. Mama huyo anamaliza sabuni bure!"

Darasa likacheka. Claudine, niliyekaa naye dawati moja, alicheka hadi akashika tumbo. Monsieur Hubert hakucheka.

"Bon. Ukifika kwenu, tafuta kitu kinachosafishwa kila siku na hakitumiki. Kisha uniambie kama hakisemi."

Sisi ni Waislamu. Kwetu mtu haingii ndani na viatu. Ukitazama mlangoni, unajua nani yumo. Mchana ule nilikuta viatu vilivyotoboka vya Tonton Sefu, mdogo wake Papa, yaani baba yangu, na kando yake viatu vyeusi vya Papa mwenyewe. Papa alipanda treni ya Ubundu wakati wa maasi. Alivaa ndara, asije akaviharibu vile vizuri. Hakurudi.

Mama alikuwa amechutama akivipangusa. Nilikuwa nikimwona kila siku, nikidhani anafuta vumbi tu. Sasa nikatazama. Alipomaliza, alivigeuza polepole, ncha zikaelekea ndani, kama vya mtu aliyeingia sasa hivi. Nikavua vyangu kimya kimya, kama niko msikitini.

Tonton akatokeza mlangoni.

"Mama Alfani, kesho naanza kazi kule kwenye kituo cha treni. Vyangu vimekwisha. Donc, basi unipe hivi. Kaka harudi tena, unajua."

Mama akaweka mkono juu ya viatu.

"Shemeji, kila anayepita hapa anaviona, anajua nyumba hii bado ina baba. Kitu kidogo kinaweza kubeba mtu mzima. Vikiondoka, mimi ndiye nitakayekuwa nimemtoa humu ndani."

"Ah, Mama Alfani! Viatu ni viatu tu!"

Yalikuwa maneno yangu ya asubuhi, yametoka katika mdomo wa mtu mzima, na yalikuwa mabaya vilevile. Tonton akainama kuvichukua. Mimi, ambaye kwa kawaida nilimtania ili acheke, nikaviwahi na kuvikumbatia.

"Kama ni viatu tu, Tonton, basi vyovyote vitakufaa. Hivi vina mwenyewe."