Vigingi Vilivyovuka Mtaa

Kila asubuhi, kabla ya kifungua kinywa, Jonetta alichovya kitambaa kwenye ndoo na kufuta vumbi jeusi kibarazani kwa bibi yake. Vumbi hilo lilitoka kwenye barabara kuu iliyopita mwisho wa mtaa wao mjini Beaumont, ambako magari hayakulala. Kisha Bibi Verlene aliita kutoka jikoni, "Njoo ule, uji wa mahindi unaganda!"

Ng'ambo ya mtaa, mlango wake ukitazamana na wao, aliishi Babu Cleophus, mgane. Uani kwake ulikuwepo mtini uliopandwa na marehemu mkewe, Idella. Kila Julai Babu alipika jamu ya tini na kugawa chupa moja kwa kila nyumba.

Jonetta alipotimiza miaka kumi na miwili, ilitangazwa kwamba barabara kuu ingepanuliwa. Watu waliitwa kanisani wakaonyeshwa michoro. Kungekuwa na ukuta wa kuzuia kelele, njia za waendao kwa miguu na bustani ya watoto. Lakini njia mpya ya magari kushukia kutoka barabara kuu ingepita upande mmoja wa mtaa, upande wa Bibi, na nyumba za upande huo zingebomolewa.

"Bustani ni nzuri sana," alisema Bibi Verlene. "Nami nitaitazama nikiwa wapi?"

Mwenye michoro akafungua ukurasa mwingine.

Wiki iliyofuata mpima ardhi, Bi Marisol, alipigilia vigingi vinne vyenye utepe wa rangi ya chungwa mbele ya nyumba ya Bibi. Jioni ile Jonetta alimwona Bibi amesimama dirishani, akikausha sahani moja ileile kwa muda mrefu.

Jumapili Jonetta alisingizia kuumwa tumbo. Bibi na Babu Cleophus walipokwenda kanisani, aling'oa vile vigingi, akavuka mtaa na kuvipigilia kwa jiwe uani kwa Babu, katika mstari ulionyooka. Alidhani greda hufuata vigingi. Alimfikiria Bibi tu.

Babu aliporudi alisimama getini, kofia mkononi.

"Verlene! Toka uone! Wamebadili mchoro. Sasa ni mimi."

"Si wangekuandikia barua kwanza?"

"Barua! Za hao hufika greda likishapita."

Kesho yake alianza kuchimba kuuzunguka mtini. Jonetta akavuka kwenda kumtazama.

"Babu, si ulisema mtini huhamishwa wakati wa baridi, majani yakishapukutika?"

"Nilisema. Nenda kaliambie greda lisubiri baridi." Akajaribu kucheka. "Nitaupeleka kwa binti yangu. Hebu nishikie mpira wa maji."

Sepetu ilikata mzizi mnene kama mkono wa mtoto. Utomvu mweupe ukatoka. Jonetta akaubana mpira wa maji.

"Babu…"

"Nini?"

"Hamna kitu."

"Una huruma, wewe mtoto. Idella angekupenda." Akachuma tini nne zilizoiva, akamtilia mkononi, kisha akaendelea kuchimba.

Siku ya tatu Bi Marisol alirudi na chombo chake cha kupimia. Alitazama huku, akatazama kule.

"Nani kanichezea vigingi? Mzee, kwako hakiguswi kitu. Mstari uko kwenye ramani, hivi ni vya kuonyesha tu. Hata ukivipeleka mtoni, mstari haubanduki."

Babu aligeuka kuutazama mtini wake. Ulikuwa umelala pembeni ya shimo, mizizi ndani ya gunia lililoloa, majani yamekunjamana. Bibi Verlene naye akamtazama mjukuu wake.

"Ni mimi," alisema Jonetta. "Nilitaka nyumba ya Bibi ibaki."

Alingoja kelele. Babu aliingia ndani, akafunga mlango polepole, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele.

Waliurudisha mti shimoni. Jonetta aliumwagilia asubuhi na jioni, likizo nzima. Kufikia Septemba, tawi alilolishika lilikatika kama njiti ya kiberiti.

"Usimwagilie tena," Babu alimwambia. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu siku ile.

Usiku ule Jonetta alilia mpaka Bibi akaja kuketi kitandani.

"Ule mtini wetu mdogo nyuma ya jiko unajua ulitoka wapi? Idella alinikatia tawi la mtini wake mwaka aliozaliwa mama yako. Na huo wetu uko njiani mwa greda."

Safari hii Jonetta alingoja. Alingoja mpaka Januari, majani yote yalipoanguka. Alichimba Jumamosi mbili, magoti kwenye udongo wa baridi, akifuata kila mzizi kwa vidole ili asiukate. Bibi alikuwa akifunga vyombo kwenye maboksi. Alipewa fidia, naam, na nyumba ya kupanga upande wa pili wa mji, ghorofa ya tatu, isiyo na kibaraza.

Walipouvusha mti ng'ambo ya mtaa, Babu Cleophus alitoka mwenyewe na sepetu. Waliupanda pamoja. Mwisho akaupigapiga udongo kwa kiatu.

"Sikukukasirikia kwa kumpenda bibi yako," alisema. "Nani asingetaka kuizuia ile nyumba isianguke? Lakini uliuchukua msiba wenu ukauingiza getini kwangu. Halafu uliposhika mpira wa maji, ulikuwa na neno mdomoni na mizizi mingi ilikuwa bado ardhini. Ungelisema pale, mtini wa Idella ungekuwa hai. Ukikosea, Jonetta, sema mapema. Usingoje mpima aje."

"Nimesikia, Babu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila utakuja kuutunza, maana mimi mgongo umekwisha."

Februari nyumba ya Bibi ilibomolewa. Kila Jumapili baada ya ibada, Jonetta hupita kwa Babu Cleophus na ndoo na kitambaa. Huufuta mtini vumbi jeusi, jani moja baada ya jingine. Bibi Verlene huketi kibarazani kwa Babu, akiutazama ukuta mpya ng'ambo ya mtaa, pale ulipokuwa mlango wake.