Ngoma ya Msiba Isiyo na Maiti

Harufu ya udongo uliofukuliwa upya ndiyo iliyomshtua kwanza Tupokigwe. Ukumbi wa mjini Mbeya ulikuwa na sakafu ya saruji, na asubuhi ile ya mwaka 1956 alikuwa ameipiga deki mwenyewe.

Mji mzima ulikutana pale: Jumamosi dansi, katikati ya wiki kisomo cha watu wazima, sikukuu kwaya. Alasiri hiyo ilikuwa ya mazoezi. Wageni wa Iringa walitarajiwa keshokutwa, na Gideoni, katibu wa ukumbi, alikuwa amechagua ngoma ya msiba ya Wanyakyusa.

"Hiyo hupigwa maiti yupo uani," Tupokigwe alimnong'oneza mumewe, Asukile, mpigaji. "Baba Atuganile, usiiguse."

"Mama, huu ni mchezo tu wa jukwaani," Gideoni, aliyemsikia, akacheka. "Au tuwaonyeshe hao wageni Wahehe namna ya kumenya ndizi?"

Wachezaji wakaangua kicheko. Asukile, kwa aibu, akapiga.

Milango ikajifunga.

"Basi, pumzikeni," Gideoni alisema baadaye. Asukile hakuacha.

"Siwezi," alisema kwa sauti ndogo. "Mikono si yangu."

Wanaume wakaisukuma milango kwa mabega, wakaipiga kwa mabenchi, nayo haikutikisika hata kidogo, na ile harufu ya udongo ikazidi kupanda kutoka chini ya jukwaa mpaka ikawakaba koo, na katikati ya kila pigo na pigo sauti kavu ya mzee wasiyemjua ikawa inauliza, bila hasira, bila haraka, kama mtu aliyefika msibani kwa safari ndefu: "Maiti yuko wapi?"

Viganja vya Asukile vilikuwa vimechanika. Damu ilitapakaa juu ya ngozi ya ngoma.

"Itamuua," Tupokigwe alisema. Akavuta pazia la jukwaa, akalala chali mbele ya mumewe, akajifunika mpaka usoni. "Nililieni."

Wakaanza kwa kusitasita, kisha kilio kikawatoka kweli. Ngoma ikakoma. Milango ikafunguka, na jua la alasiri likaingia.

Tupokigwe akalifunua pazia, akaketi. "Baba Atuganile, imetosha sasa."

Asukile aliendelea kulia, akilitazama pazia lililolala sakafuni. Tupokigwe alimshika bega, mumewe hakugeuka. Alipiga kelele sikioni mwake.

Gideoni, kofia mkononi, alikuwa akiuliza taratibu nani atakwenda Tukuyu, kwao Tupokigwe, kuwaarifu ndugu wa marehemu.